Dubai, na Vyeo vya Wasafiri wa Angani



Katika miji yote ya ng'ambo ambayo watu wa pwani yetu huiendea siku hizi, hapana unaotajwa majumbani mwetu kama Dubai. Mfanya biashara wa Kariakoo aenda huko kununua nguo na vipuri vya motokaa; mgonjwa apita huko akielekea Bara Hindi; mwanafunzi apita akielekea Ulaya; na wenye jamaa zao katika Ghuba hushuka huko kwenda kuwazuru. Basi tumeona yafaa mwezi huu tueleze khabari za mji huu, si za majumba yake marefu, kwani hayo yamekwisha elezwa sana, bali za kiwanja chake cha ndege, na za jambo moja lililowashughulisha vijana wetu wengi, nalo ni vyeo wanavyopewa wasafiri kwa hesabu ya alama. Twalieleza jambo hili kwa kuwa lagusa mfuko wa nyumba. Na kila lenye kugusa mfuko wa nyumba lastahili kushauriwa na mume na mke, na watoto waliokwisha baleghe, kabla halijawa deni.

MJI NA KHORI YAKE

Ujirani wetu na Dubai si wa jana. Kabla ya ndege, majahazi ya Ghuba yalikuja kwetu kwa upepo wa kaskazi na kurejea kwao kwa kusi, yakichukua boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji. Boriti hizo ndizo zilizoezekea nyumba za Ghuba, nchi isiyo na miti ya kujengea. Na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, huko kama kwetu Lamu. Hata leo, mtu akiingia mtaa wa Al Fahidi, penye nyumba za kale zenye minara ya kukamata upepo, akiinua macho darini aweza kuziona.

Kutoka upande wa Bur Dubai tulivuka Khori kwa abra kwenda Deira, penye masoko. Abra ni chombo kidogo cha mbao chenye benchi katikati, ambalo abiria hukaa wakipeana mgongo na kuyatazama maji. Nauli ni dirham 1. Mwenye duka la dhahabu na mchukuzi wa mizigo hulipa sawa, hukaa sawa, na kufika kwa wakati mmoja.

Hatusemi kwamba safari za zamani hazikuwa na upendeleo. Nahodha wa jahazi alimjua mteja wake wa miaka mingi. Alimwekea mahali pazuri pa kulala, na bidhaa zake akazipanga mahali pasipofika maji. Lakini upendeleo ule ulitoka katika kujuana. Kampuni za ndege zina abiria wengi mno, haziwezi kujuana na mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo zimeugeuza ule ujuzi wa nahodha kuwa hesabu. Hesabu hiyo ndiyo twataka kuieleza.

KIWANJA CHA NDEGE

Kiwanja cha Dubai kilifunguliwa mwaka 1960, na njia yake ya kurukia ilikuwa ya mchanga ulioshindiliwa, urefu wake mita 1,800. Mwaka 2024 walipita hapo abiria milioni 92.3. Kampuni ya Emirates, ambayo ndiyo mwenyeji mkubwa wa kiwanja hicho, ilianza safari zake tarehe 25 Oktoba 1985, kwa ndege ya kwenda Karachi, na ndege zake za kwanza zilikodishwa kutoka shirika la ndege la Pakistan. Leo ndiyo yenye ndege nyingi za namna ya Airbus A380 kuliko kampuni yoyote duniani, na mwaka 2013 jengo zima la kuabiria, liitwalo Concourse A, lilifunguliwa kwa ajili ya ndege hizo zenye ghorofa mbili.

Msafiri wa kwetu ashukapo humo mara ya kwanza, hustaajabia ukubwa. Akikaa kidogo huanza kuona jambo jingine. Huona kwamba watu waliofika kwa ndege moja hawaendi njia moja. Wengine hupanda kwenye vyumba vya mapumziko, penye viti laini, chakula cha moto na mahali pa kuoga. Wengine hutandika kanga juu ya zulia karibu na mlango wa kuabiria, wakalaza watoto, wakisubiri ndege ya alfajiri. Na miongoni mwa wale wanaopanda juu, si wote walionunua tikiti za daraja ya juu. Wamo waliokaa nyuma kabisa ya ndege, kiti kwa kiti na yule aliyetandika kanga. Kinachowatenga ni rangi ya kadi.

ASILI YA JAMBO HILI

Jambo hili lilianzia Marekani. Hata mwaka 1978, serikali ya nchi ile ndiyo iliyosimamia nauli na njia za ndege. Mwaka huo ilitoka sheria ya kuziacha kampuni zishindane zenyewe, na nauli zikaanza kushuka. Kampuni zikatafuta njia ya kumfunga mteja asihame kwa ajili ya tofauti ya dola chache. Tarehe 1 Mei 1981 kampuni ya American Airlines ilianzisha mpango uitwao AAdvantage, wa kumhesabia abiria maili alizosafiri na kumlipa kwa tikiti za bure. Wapinzani wake wakaufuata bila kukawia. Emirates ilianzisha mpango wake, uitwao Skywards, mwaka 2000, na tangu mwaka 2018 kampuni ya flydubai imo katika mpango huo huo.

Wengi wetu hudhani maili ni namna moja. Sivyo; ziko namna mbili, na kutozitenga ndiko kunakowapoteza watu. Namna ya kwanza ni maili za matumizi, ambazo ni kama akiba: mtu huzikusanya, kisha akazitoa kununua tikiti au kupandishwa daraja. Namna ya pili ni maili za cheo. Hizi hazinunui kitu chochote. Kazi yake ni kupima tu, kama alama za mtihani, kwamba abiria huyu amestahili cheo gani. Muda wake ukipita, hesabu huanza upya, na aliyeshindwa kufikisha hushushwa.

Katika Skywards kila anayejiandikisha huanza na cheo cha Buluu. Akifikisha maili za cheo 25,000 hupata Fedha. Akifikisha 50,000 hupata Dhahabu. Na 150,000 humfikisha Platinamu. Muda wa kuzikusanya ni mwaka mmoja hivi. Jirani zao wa Qatar Airways wana hesabu nyingine katika mpango wao wa Privilege Club: wao huziita Qpoints, na vyeo vyao huanzia 150 kwa Fedha, 300 kwa Dhahabu, na 600 kwa Platinamu. Basi msomaji asilinganishe tarakimu za kampuni hii na za kampuni ile, kwani ni kama kulinganisha pishi na ratili.

HERUFI ILIYO KATIKA TIKITI

Sasa twafika kwenye kiini. Mtu aweza kuuliza: Wasafiri wawili wametoka Dar es Salaam kwenda Dubai, wamekaa viti viwili vilivyopakana, wamekula chakula kimoja, kwa nini huyu ahesabiwe maili nyingi na yule chache? Jibu lake limo katika tikiti. Kila tikiti ina herufi moja ya kuonyesha namna ya nauli iliyolipwa. Aghlabu F ni ya daraja ya kwanza, J ni ya daraja ya biashara, na Y ni ya daraja ya kawaida kwa nauli kamili; kisha huja herufi nyingine nyingi za daraja hiyo hiyo ya kawaida, kila moja na bei yake na masharti yake.

Sababu yake ni hii. Kiti kitupu, ndege ikisharuka, hakiuziki tena. Ni kama samaki aliyelala. Kwa hiyo kampuni huviuza baadhi ya viti mapema kwa bei rakhisi, kwa masharti magumu, ili vijae. Na huvibakiza vingine kwa yule ambaye ni lazima asafiri kesho, naye hulipa nauli kubwa. Kampuni yamtaka zaidi huyu wa pili, na maili za cheo ndizo shukrani yake. Emirates yenyewe imezipanga nauli zake kwa majina: Special, Saver, Flex na Flex Plus. Kadiri mtu apandavyo kutoka jina la kwanza kwenda la mwisho, ndivyo bei izidivyo, ndivyo ruhusa ya kubadili siku au kurudishiwa fedha izidivyo, na ndivyo maili zizidivyo. Na daraja ya biashara huzidi hizo zote.

Basi anayetafuta cheo kwa tikiti za Special atasafiri sana na kupata kidogo. Hili si siri wala si hila. Limeandikwa katika masharti. Lakini ni wangapi katika sisi wasomao masharti ya tikiti kabla ya kulipa? Huuliza bei na kilo, basi.

FAIDA ZAKE KWA HAKIKA

Hatutaki kusema kwamba vyeo hivi havina faida. Mwenye cheo cha Fedha katika Emirates huruhusiwa kuingia chumba cha mapumziko cha Dubai yeye mwenyewe. Wa Dhahabu huruhusiwa katika viwanja vingi vya dunia pamoja na mgeni wake. Huandikishwa mbele ya wengine, na hupokea mizigo yake mapema. Pale ambapo mizigo hupimwa kwa uzito, wa Fedha huongezewa kilo 12, wa Dhahabu 16, na wa Platinamu 20. Lakini katika safari nyingi za Afrika mizigo huhesabiwa kwa idadi ya masanduku, si kwa uzito wote, na hapo kanuni ni nyingine. Mwenye kutegemea kilo hizo ahakikishe kwanza, asije akajikuta mbele ya mizani na marobota yake, hana la kusema.

Na kwa wenye watoto liko jambo jema ambalo wengi hawalijui. Watu wa nyumba moja waweza kuziweka maili zao za matumizi katika hesabu moja ya familia, na watoto nao wana uanachama wao uitwao Skysurfers. Nyumba ya watu 6 wanaokwenda kuwazuru jamaa mara moja kwa mwaka yaweza, baada ya safari chache, kupata tikiti ya mmoja wao. Wakumbuke tu kwamba maili za matumizi hufa zikishapita kiasi cha miaka 3, na kwamba maili za cheo hazichanganywi: kila mtu ana zake.

HESABU YA NYUMBANI

Tuchukue mithali, nayo ni mithali tu, wala bei zake si za kampuni yoyote. Mfanya biashara asafiri mara 5 kwa mwaka. Tikiti ya masharti magumu yauzwa dola 500, na ya masharti mepesi dola 680. Tuseme kwamba kwa hizi za 500 hawezi kufikisha cheo cha Fedha, na kwa zile za 680 afikisha. Tofauti yake ni dola 180 kwa safari, yaani dola 900 kwa mwaka. Sasa apata nini? Tuseme safari zake ni za kupima uzito, na aongezewa kilo 12 kila arudipo: kilo 60 kwa safari 5. Kama kupeleka bidhaa kwa kampuni ya uchukuzi wa angani ni dola 6 kwa kilo, ameokoa dola 360. Chakula na kahawa katika chumba cha mapumziko, tuseme dola 15 kwa mara 5, ni dola 75. Jumla yake ni dola 435. Ametoa 900, amepata 435. Wala hatujasema kwamba mwaka wa kwanza karibu wote hupita kabla hajakipata hicho cheo, kwa hiyo alipa mwaka huu ili afaidi mwaka ujao.

Lakini tuigeuze mithali. Mtu huyo huyo, kama biashara yake ni ya kubadilika siku, na kila mara hutozwa faini kwa kuahirisha safari, basi tikiti ya dola 680 yamfaa kwa sababu ya ule uhuru, hata pasingekuwa na maili. Na yule anayesafirishwa na kazi yake, apewaye tikiti ya nauli kubwa bila kuiomba, cheo chamjia chenyewe. Kwa hiyo twasema: cheo kikimfuata msafiri ni neema, msafiri akikifuata cheo ni gharama.

Wako wanaokifuata hasa. Katika nchi za Ulaya na Marekani, watu hufika mwisho wa mwaka wamepungukiwa alama kidogo, wakanunua tikiti ya kwenda mji wasio na haja nao, wakarudi kwa ndege hiyo hiyo bila kutoka kiwanjani, ili hesabu itimie. Na baadhi ya vijana wetu waishio Ghuba na Uingereza wameanza kufanya vivyo hivyo. Hatuoni jina la jambo hili isipokuwa israfu.

Tena ngazi yenyewe haikai mahali pamoja. Delta ya Marekani, tangu mwaka 2024, hupima cheo kwa fedha iliyotumika, si kwa masafa. Ilipoutangaza mpango huo mwaka 2023, wateja walilalamika hata ikabidi baadhi ya viwango vipunguzwe. Cheo cha juu kabisa kilichotangazwa kwa dola 35,000 kikawa 28,000. British Airways nayo, tangu tarehe 1 Aprili 2025, imeacha hesabu ya zamani, ambayo Dhahabu ilikuwa alama 1,500, ikaanza kuhesabu kwa fedha: cheo cha Fedha ni alama 7,500 na cha Dhahabu 20,000, na kila pauni iliyotumika ni alama moja. Aliyekuwa amejifunza kwa miaka mingi kununua tikiti rakhisi za safari ndefu ili apande cheo, aliona elimu yake imekuwa bure. Kanuni ni za mwenye kampuni, naye huzibadili atakapo.

AMANA YA MWAJIRI

Yako mambo mawili ambayo nyumba ya Kiislamu yapaswa kuyaangalia zaidi.

La kwanza ni maili zinazotokana na safari za kazi. Tikiti imenunuliwa na serikali au kampuni, lakini maili zimeandikwa kwa jina la mfanya kazi. Ni za nani? Baadhi ya waajiri huwaachia wafanya kazi wao, wengine hawaruhusu. Mwaka 2002 huko Ujerumani, Gregor Gysi, aliyekuwa waziri wa uchumi wa jimbo la Berlin, alijiuzulu kwa sababu alitumia kwa safari zake mwenyewe maili alizozipata kwa safari za kazi ya umma. Watu wale waliliona jambo hili ni zito kiasi hicho. Basi sisi tunaofundishwa amana tangu chuoni, si aibu tukiliona dogo? Dawa yake ni nyepesi: mfanya kazi amwulize mwajiri wake, apate jibu la maandishi, moyo wake utulie. Ovu zaidi ni kuchagua tikiti ya bei kubwa kwa fedha ya mwajiri ili upande cheo chako. Huko ni kula mali ya mtu kwa mlango wa nyuma.

La pili ni kadi za mkopo. Benki nyingi hutoa maili kwa kila fedha inayotumiwa kwa kadi, na wengi huvutwa hapo. Mtu asipolipa deni lote kwa wakati wake, huingia katika riba, na maili alizopewa aghlabu hazifikii anachotozwa. Amenunua upepo kwa haramu. Walioko Ghuba wana benki za Kiislamu zenye kadi za namna hiyo. Lakini nako pia yafaa kuuliza masharti kabla ya kutia sahihi, kwani jina pekee halitoshi.

SHAURI LETU

Kijana au baba wa nyumba anayetaka kuingia katika mpango huu, twamwambia haya. Kwanza, ajiandikishe, kwa kuwa kujiandikisha ni bure, na maili zisizodaiwa hupotea. Pili, achague kampuni moja au jamii moja ya kampuni. Anayesafiri leo na hii na kesho na ile hatafikisha popote. Kenya Airways imo katika jamii ya SkyTeam tangu mwaka 2010, Ethiopian imo katika Star Alliance tangu 2011, na Qatar Airways imo katika oneworld tangu 2013. Kadi ya mmoja huheshimiwa na wenzake. Emirates haimo katika jamii yoyote. Tatu, kabla ya kulipa, aisome herufi na jina la nauli, aulize siku yaweza kubadilishwa kwa kiasi gani, na mizigo huhesabiwa vipi. Nne, asizidishe bei hata dola 1 kwa ajili ya cheo mpaka ameandika hesabu yake kwenye karatasi, kama tulivyofanya hapo juu, na mkewe ameisoma.

Na kama cheo kimemjia, akitumie kwa wema. Anayeruhusiwa kuingia na mgeni, amtazame mzee wa safari moja naye aliyekaa chini na miguu imevimba, amwingize yeye. Anayeongezewa kilo na hana mzigo, amsaidie jamaa yake anayemjua kwa yakini; lakini asichukue kifurushi cha asiyemjua, kwani wengi wametiwa matatani kwa huruma ya namna hiyo.

Katika kiwanja kile cha Dubai viko vyumba vya kusalia, vya wanaume na vya wanawake, karibu na milango ya kuabiria. Tuliingia kimoja wakati wa alfajiri. Walikuwamo wachukuzi wa mizigo, marubani wawili katika mavazi yao, Wahindi waliokuwa wakienda kazini, na wazee wa kwetu waliovaa kofia za viua. Hapakuulizwa kadi. Viatu vyote vilikuwa nje ya mlango, na mwenye kuchelewa alisimama nyuma, awe nani.